Mizingo Minane ya Shaba

Janefer Mokeira akikasirika hapigi kelele. Hunyamaza, akachomoa penseli aliyoichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, akaanza kuchora. Wanaomjua katika kiwanda cha chai cha Chemosoret, kule juu ya Boito, humwacha peke yake akifikia hapo, maana anayemsemesha hujibiwa neno moja tu, na neno hilo humkaa mtu wiki nzima. Mwezi wa nne mwaka jana alichora hadi daftari mbili zikaisha.

Kilichomkasirisha kilikuwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, chini ya orodha ya zamu. Ripoti. Ilisema kwamba mfanyakazi Jerusa, wa sehemu ya kunyaushia majani, alipigwa na radi akiwa kazini kwa sababu alikuwa na simu ya mkononi, jambo ambalo ni kinyume cha kanuni. Chanzo cha ajali: simu. Aliyehusika: Jerusa mwenyewe. Hatua iliyochukuliwa: wafanyakazi wote wakumbushwe kuacha simu langoni. Basi. Mama wa watu amelala hospitalini siku tisa, mkono wake wa kushoto hauwezi kushika hata kijiko, sikio moja limeziba, na kiwanda kizima, chenye meneja na injinia na gari la injinia, kimetafuta sababu kikaona simu.

Na simu ilikuwapo, hilo Mokeira hakulikana. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Jerusa, nayo ilipatikana imeungua. Ndiyo maana ripoti ile ilimuudhi zaidi. Uongo mtupu angeuchana mbele ya watu. Huu ulikuwa na kipande cha kweli cha kujifichia.

Mokeira ni fundi wa umeme wa kiwanda hicho, na wakati huo alikuwa na miaka tisa hapo. Baba yake, mzee Omariba, alitoka upande wa Nyamira akaja Kericho kuchuma chai kwenye mashamba ya wenyewe, na bintiye akazaliwa kwenye nyumba za laini, zile za chumba kimoja zilizopangwa mistari. Alikulia mahali ambapo kitu kikiharibika mtu huambiwa ni yeye alikiharibu. Bomba likipasuka, nani amelichezea? Mtoto akiugua, mama yake alimpa nini? Labda hasira yake ilianzia huko. Yeye mwenyewe husema ilianza siku ya kwanza ya chuo cha ufundi, alipoulizwa na wenzake kama amepotea njia, darasa la ushonaji liko upande ule.

Chuoni humo ndimo alimokutana na mwalimu Mochama, mtu mfupi aliyevaa sweta moja mwaka mzima, aliyemfundisha jambo ambalo hakulisahau. Waya ukipitisha umeme, mwalimu alisema, huzungukwa na nguvu isiyoonekana, nayo huitwa uga. Uga wa waya mmoja ulionyooka unaweza kuukokotoa ukiwa umekaa kwenye benchi. Lakini jengo zima la vyuma, lenye nguzo na mabati na nyavu na mabomba, uga wake huwezi kuumaliza hata ukipewa mwaka na karatasi za wizara nzima. Kwa hiyo usipigane nao. Ukate vipande. Kila kipande cha chuma kichore kama waya wenye ukinzani wake kidogo na ukaidi wake. Kila nafasi ya hewa kati ya chuma na chuma ichore kama kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme. Viunganishe. Jengo limegeuka saketi, na saketi hata mtoto wa laini anaweza kuitatua.

Neno ukaidi lilikuwa la mwalimu Mochama mwenyewe. Ukinzani, alisema, ni ule ubishi wa kawaida wa waya, umeme uende polepole au kasi. Ukaidi ni ubishi dhidi ya haraka. Ukipitisha umeme taratibu, waya wenye ukaidi unakubali bila neno. Ukija na umeme wa ghafla, unakataa, na umeme unatafuta pengine pa kupita. Radi ni umeme wa ghafla kuliko wote. Waya ulionyooka una ukaidi wa kiasi. Waya uliozungushwa mizingo una ukaidi mwingi sana, na kila mzingo unaoongeza unautia nguvu mwingine.

Sasa, nyumba ya kunyaushia majani ya Chemosoret ni banda refu lenye paa la mabati, upande mmoja hauna ukuta ili hewa ipite. Ndani kuna matrafu, yaani vitanda virefu vya chuma vyenye nyavu za waya, na feni chini yake. Kina mama humwaga majani mabichi juu ya nyavu, wakayatandaza kwa mikono. Nchi hii ikifika saa nane mchana ngurumo huanza, saa tisa mvua imeshuka, tena siku nyingi kuliko zisizo nayo. Hakuna anayeacha kazi kwa sababu ya radi, la sivyo majani yangeoza kila siku. Juu ya paa umesimamishwa mti wa shaba wa kukingia radi, waya wake unashuka kwenye nguzo ya pembeni hadi ardhini, na kila mtu anauita aresta. Jerusa alikuwa amesimama kati ya nguzo hiyo na trafu ya mwisho radi ilipopiga. Mkono mmoja ulikuwa kwenye trafu.

Injinia Wambugu, kijana nadhifu aliyeajiriwa miaka miwili iliyopita, alikuja na mita yake akapima waya kutoka juu hadi chini. Ukinzani karibu sufuri. Akaandika kwamba aresta ni nzima. Alipima kwa betri ndogo, umeme wa taratibu kabisa, kisha akatoa hukumu juu ya radi. Mokeira aliposoma mstari huo aliuma meno hadi taya likamuuma.

"Injinia, hiyo mita inapima ukinzani peke yake," alimwambia siku hiyo hiyo pale karakana. "Radi haiangalii hiyo."

"Madam Mokeira, umeme unafuata njia rahisi. Hiyo ni kitu ya form one."

"Inafuata njia zote. Inajigawa."

"Basi ndiyo ikafuata simu." Akacheka, akatazama kama wengine wanacheka. Wengine walicheka.

Ndipo alipoanza kuchora. Jumapili baada ya kanisa alikaa mezani kwake, bintiye Vivian akamwazima kompyuta yake ya chuo, naye Mokeira akaliingiza banda zima humo: nguzo kumi na sita, matrafu manane, nyavu, mabomba ya maji, waya wa aresta wa mita kumi na mbili. Kila chuma kipande, kila nafasi kapasita. Akalirushia radi ya kadiri. Akalirushia kubwa. Akaweka na simu, kipande cha chuma cha kiganja kisichounganishwa na chochote, kwa ajili ya haki tu. Simu haikubadilisha namba hata moja. Lakini umeme nao haukuruka kwenda kwenye trafu. Ulishuka kwenye waya wake ukaingia ardhini, kama Wambugu alivyosema. Mokeira alifunga kompyuta kwa kishindo mpaka Vivian akaja kuangalia kama imevunjika.

Kulikuwa na kitu ambacho hakukichora. Alichora waya kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ilimpa mstari ulionyooka.

Jumatatu asubuhi alienda kuutazama kwa macho. Alisimama mbele ya nguzo ya pembeni, na mwanzo hakuona waya wowote. Aliona makoti. Makoti matano na vitambaa viwili vya kichwa, vimetundikwa pale kina mama wanapotundika kila siku, kwenye mviringo mzuri wa shaba uliofungwa kwenye nguzo kwa urefu wa kichwa. Akatoa makoti moja moja, akayaweka juu ya kiroba. Akahesabu mizingo. Minane. Kutoka kwenye mizingo hadi chuma cha trafu palikuwa na hatua moja ya mtu, na mtu aliyesimama pale kuchukua koti lake mvua inapoanza alikuwa ameiziba nafasi hiyo kwa mwili wake.

Kisha akaona jinsi mizingo ilivyofungwa. Waya mwembamba, vifundo vitatu, na kila kifundo ncha yake imepindwa kuelekea kushoto, ikaingizwa ndani ili isimchome mtu. Mokeira hutumia mkono wa kushoto. Hakuna fundi mwingine Chemosoret anayepinda waya hivyo.

Ilimrudia yote. Ilikuwa mwezi wake wa kwanza wa kazi. Roli ya shaba ilikuwa na mita ishirini na mbili, na nguzo ilitaka kumi na mbili tu. Lakini mzee Nganga wa stoo alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: shaba haikatwi. Kipande kikikatwa kesho kimeruka ua kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na yeye ndiye angeulizwa. Roli imetoka nzima, ikae nzima. Basi Mokeira, fundi mgeni na mwanamke wa kwanza kushika spana pale, akazizungusha mita kumi zilizobaki kama mtu anavyozungusha kamba ya ng'ombe, akazifunga vizuri, akajivuta nyuma kuangalia. Injinia wa wakati huo akampigia makofi. Kazi safi, akasema. Na mafundisho ya mwalimu Mochama yalikuwa kichwani mwake siku hiyo, mapya kabisa, hayajapata hata vumbi. Aliyajua kama somo la mtihani. Mikononi mwake ilikuwa kamba tu.

Hasira iliyokuwa ikielekea kwa Wambugu ilimgeukia. Aliketi juu ya kiroba cha makoti akajitukana kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini, maneno ambayo mama yake angemchapa kwa kuyasema. Halafu akajiona anafikiria jambo la aibu. Msumeno wa chuma ulikuwa mfukoni. Dakika tano na mizingo ingekuwa imeshuka, aunganishe waya wima, ayafunge matrafu pamoja nao kwa athi moja iliyozikwa ardhini, na hakuna mtu angewahi kujua kulikuwa na nini. Kina mama wangekuwa salama. Ni kweli kabisa, wangekuwa salama. Ila ubaoni ingebaki simu, na jina la Jerusa chini yake, na siku fundi mwingine atakapoambiwa shaba haikatwi, atazungusha.

Alienda nyumbani kuingiza mizingo minane kwenye mchoro wake. Ukaidi wa waya mzima ukawa zaidi ya mara tatu. Umeme ukafika pale kwenye mizingo, ukakataliwa, ukaruka kwenda kwenye trafu. Safari hii namba zilikubali, na hazikumpa furaha yoyote.

Jumanne saa nne asubuhi, mbingu ikiwa bado nyeupe, alimwita meneja, Bwana Kipkurui, pamoja na Injinia Wambugu, kwenye meza ya karakana. Alikuwa ameazima mashine ya fensi ya umeme kutoka kwa jirani anayefuga ng'ombe wa gredi, ile inayotoa mshtuko wa kuwazuia wasitoke. Alikuwa na chupa ya plastiki iliyofunikwa karatasi ya aluminiamu ndani na nje, ya kukusanya umeme na kuumwaga kwa ghafla. Alikuwa na kipande cha waya wa shaba mnene, kimezungushwa mizingo minane midogo, na pembeni yake misumari miwili iliyokaribiana bila kugusana. Njia mbili: moja ya shaba tupu, nyingine imekatwa na hewa.

"Injinia, pima hii koili na mita yako."

Wambugu alipima. "Sufuri."

"Umeme itapita wapi?"

"Kwa koili. Si hewa."

Akawasha mashine. Chupa ikajaa, ikamwaga. Cheche ya buluu ikalia kati ya misumari miwili, tap, ikaruka hewa na kuiacha shaba. Tap. Tap. Tap. Kila sekunde moja ilijibu swali lile lile. Akazima, akanyoosha koili kwa koleo mpaka ikawa waya wima, akawasha tena. Misumari ikanyamaza.

Bwana Kipkurui alikuwa mtu wa kilimo, si wa umeme, lakini macho alikuwa nayo. Akainama. "Rudisha mizingo," alisema. Mokeira akairudisha, nayo cheche ikarudi.

"Hiyo ndiyo iko kwa nguzo ya pembeni," Mokeira alisema. "Hiyo ndiyo ilipiga Jerusa. Si simu. Nataka hiyo koili itoke leo kabla ya saa nane, matrafu yote yafungwe na athi, na ile ripoti itoke kwa ubao."

Wambugu alikuwa amekunja mikono. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomkera Mokeira zaidi ya yote, kwamba alikuwa ameelewa tangu cheche ya kwanza na sasa alikuwa akitafuta mlango. Akaupata.

"Sawa. Tutoe simu. Lakini fomu ina nafasi ya chanzo na nafasi ya aliyehusika. Haiendi ofisi ya Bomet bila jina. Mimi nilikuta hiyo koili hapo. Kwa hivyo, Madam, tuseme ni nani aliiweka? Kama hujui, basi tuwache ripoti vile iko, tutoe koili pole pole, mambo yaishe."

Meneja alikuwa anatazama saa yake, kisha dirishani, ambako juu ya vilima wingu la kwanza lilikuwa limeanza kupanda. Mokeira alielewa bei aliyowekewa. Fomu ya kiwanda haina nafasi ya kuandika mizingo. Haina nafasi ya sheria ya stoo, wala ya injinia aliyepiga makofi, wala ya miaka tisa ambayo wakaguzi walipita pale na kuyaona makoti. Ina mstari mmoja, na mstari huo unataka mtu, na kila mara mtu huyo hutafutwa chini.

Alihisi hasira imemjaa hadi masikioni. Alitaka kuichukua ile chupa na kuipasua mezani. Badala yake akachomoa penseli kwenye kitambaa, akaisukuma mbele ya Wambugu.

"Andika Janefer Mokeira. Mimi ndiye nilizungusha, mwezi wangu wa kwanza hapa. Vifundo ni vyangu, mtu yeyote anaweza kuangalia. Andika pia shaba ilikatazwa kukatwa, na kama huandiki hiyo nitaandika mwenyewe na nibandike. Toa jina la Jerusa."

Bwana Kipkurui akageuka kutoka dirishani. "Mokeira, unajua hii ni barua ya onyo, kama si kusimamishwa."

"Najua, meneja. Sasa ni saa tano kasoro. Naomba ruhusa ya msumeno."

Akapewa. Mzee Nganga alikuja mbio kutoka stoo akiwa ameshika kitabu chake, akasimama chini ya ngazi akimwambia kwamba hajaona karatasi ya kukata shaba, na Mokeira akiwa juu akamjibu lile neno lake moja. Hadi leo mzee hajalirudia kwa mtu. Mizingo ikaanguka sakafuni. Saa saba na nusu matrafu yote manane yalikuwa yamefungwa kwa waya mmoja mnene hadi kwenye athi, na kina mama walikuwa wakiuliza watatundika wapi makoti yao. Akawapigia misumari kwenye ubao wa mbao, upande wa pili wa banda.

Ripoti mpya ilibandikwa Alhamisi. Ilikuwa na jina lake. Habari ya shaba kukatazwa kukatwa haikuandikwa, kwa hiyo akaiandika kwa mkono wake wa kushoto chini ya muhuri, kwa herufi kubwa, na siku hiyo ndiyo aliyopewa barua ya kusimamishwa mwezi mmoja kwa kuharibu hati ya kampuni. Wambugu hakupewa barua yoyote.

Mchana huo alichukua ile ripoti ya zamani aliyokuwa ameibandua, akaikunja, akaenda kwa Jerusa, ng'ambo ya mto, nyumba ya mabati yenye michai hadi mlangoni. Jerusa alikuwa ameketi nje, mkono wa kushoto umelala mapajani, sikio zima limeelekezwa njiani. Mokeira alimpa ile karatasi. Jerusa akaisoma kwa kidole, akafika mahali pa jina lake, akaendelea kukishikilia kidole hapo.

"Imetoka kwa ubao?"

"Imetoka, Mama Dorine. Iko nyingine sasa."

"Na ile waya?"

"Nimetoa leo siku mbili. Matrafu yote yako na athi. Hakuna mtu atapigwa tena pale."

Jerusa alifumba macho kidogo. "Asante. Watu walikuwa wanasema niko na simu, niko na simu. Hata kanisani. Hiyo jina mpya ni ya nani?"

Njia nzima Mokeira alikuwa amepanga jinsi ya kulisema, pamoja na mzee Nganga na roli ya mita ishirini na mbili. Sasa yote hayo aliyaona ni ya kujifichia.

"Ni yangu. Mimi ndiye nilizungusha hiyo waya."

Ngurumo ya kwanza ilipita mbali, upande wa Sigowet. Jerusa aliichukua kwa mwili mzima, mabega yakaruka, mkono wa kulia ukaukamata wa kushoto. Ikachukua muda kabla hajatulia.

"Mimi nilikuwa nasema ni wewe," alisema hatimaye. "Wale wasichana wapya wakiuliza tuweke koti wapi, nilikuwa nawaonyesha. Naambia wao, hii ilitengenezwa na fundi wetu, Mama Vivian, yeye ndiye alitufikiria."



"Nenda sasa," Jerusa alisema. Hakuinua sauti. "Rudi Jumapili kama unataka. Leo niko na hasira, na ni juu yako. Usiniambie nipunguze."

"Sitakuambia."

Aligeuka, akaingia kwenye njia ya katikati ya michai. Mvua ilimkuta kabla hajafika mtoni, naye hakukimbia. Jumapili baada ya kanisa alirudi, akakuta kiti kimewekwa nje, na Jerusa hakuwa amemaliza hasira yake.